Kufundisha Uzito wa Roka katika Injini ya Mwendo wa Kasi

Katika kufundisha ufundi wa magari iko kanuni moja ambayo sisi wakufunzi huitoa kwa wepesi mno, kwamba kila kipande kinachocheza ndani ya injini chafaa kiwe chepesi. Kanuni hii si ya uongo, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyotugharimu. Mmoja wa wanachuo wetu, alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, aliwaruhusu wanafunzi wake wazisage kwa mashine ya kunolea roka za gari la shule, aina ya Land Rover, ili kuzipunguza uzito. Walisaga mgongo wa roka, sehemu ya katikati, kwa kuwa ndiko walikoona chuma kingi. Baada ya siku chache roka moja ilikatika pale pale iliposagwa, na gari lililokuwa likileta mahindi ya bweni likalala. Kijana yule alikuwa ameyafuata maneno yetu kama tulivyoyasema. Hatuna budi kukiri kwamba kosa lilikuwa katika somo.

Roka ni wenzo mfupi. Upande mmoja hupokea msukumo wa pushi-rodi inayoinuliwa na kemshafti, na upande wa pili huibonyeza vali. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kemshafti huzunguka mara 3,000, na kila vali hufunguka na kufungwa mara 50 katika sekunde moja. Kwa hiyo roka haina mwendo mmoja kama gurudumu; huenda, husimama, hurudi. Kinachoirudisha ni springi ya vali. Mwendo wa injini ukiongezwa maradufu, kani inayohitajika kuvirudisha vipande hivyo huongezeka mara nne, ilhali springi imebaki ile ile. Hatimaye springi hushindwa na vali huelea, yaani huacha kuifuata kemshafti. Injini hupoteza nguvu, vali hudundadunda kitini pake, na pengine hugongana na pistoni.

Mwanafunzi akiyasikia haya atasema mara moja kwamba roka ipunguzwe uzito. Hapo mwalimu amwulize: uzito wa wapi?

Sisi hutumia rula ya mbao ya mita 1, iliyotobolewa katikati na kupitishwa msumari, na nati mbili za gramu 50 kila moja. Nati zifungwe sentimita 5 kutoka kwenye msumari, moja kila upande, kisha mwanafunzi aitikise rula huku na huku upesi awezavyo. Halafu zisogezwe hadi sentimita 20, naye aitikise tena. Mizani itasema uzito ni ule ule, lakini mkono wake hautakubali. Umbali umeongezeka mara 4, na ukaidi wa nati katika kuzungushwa umeongezeka mara 16, kwa kuwa umbali huzidishwa kwa wenyewe. (Mkono hautahisi mara 16 kamili, maana rula nayo ina ukaidi wake; mwanafunzi mwerevu ataliuliza hilo, na asikaripiwe.) Zoezi hili lisiharakishwe. Kila mwanafunzi aishike rula mwenyewe, hata kama kipindi kitakwisha.

Baada ya hapo roka yenyewe hueleweka. Chuma kilicho karibu na egemeo chaongeza ukaidi kidogo sana, bali ndicho kinachoizuia roka isipinde. Chuma kilicho kwenye ncha, juu ya vali, ndicho kinachoielemea springi. Tena, ikiwa upande wa vali ni mrefu mara 1.5 kuliko upande wa pushi-rodi, gramu 1 penye vali huilemea springi sawa na gramu 2.25 za pushi-rodi. Mfano mzuri ni injini ya V8 ya Chevrolet ya mwaka 1955 huko Marekani. Roka zake, zilizobuniwa kwa wenzao wa Pontiac, zilikuwa za bati la chuma lililokandamizwa likawa na umbo la mtumbwi. Bati lilikuwa jembamba, lakini kingo zilizosimama ziliipa roka ugumu.

Alumini huwadanganya wengi. Uzito wake kwa ujazo ni kama theluthi moja ya chuma cha pua, lakini ugumu wake nao ni kama theluthi. Mtengenezaji hulazimika kuinenepesha, na akiitia gurudumu la chuma kwenye ncha, roka iliyo nyepesi mezani yaweza kuwa nzito kazini. Roka inayopinda nayo haifai: huichelewesha vali, kisha hujifyatua kama upinde.

Na injini ile ya Land Rover? Ya lita 2.25 hufikia kilele cha nguvu karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika. Wala haikuhitaji kusagwa.

Siku hizi, kabla ya mwanachuo kuruhusiwa kugusa tupa, humpa roka kuukuu na chaki mbili. Kwa chaki nyeupe apake mahali ambapo kuondoa gramu 5 kungeipumzisha springi. Kwa nyekundu, mahali ambapo kuondoa gramu hizo hizo kungeivunja roka. Kisha awaeleze wenzake sababu, na wenzake wambishie.