Kuchora Kitunda kwa Kompyuta

Katika mchezo wa sataranji kila mchezaji ana kete 16, na nane katika hizo ni vitunda. Kete zitumiwazo katika mashindano makubwa huitwa za Staunton, kwa jina la Howard Staunton, mchezaji mashuhuri wa Uingereza. Zilianza kuuzwa London mwaka 1849. Kitunda cha namna hii kina kitako kipana, kiuno chembamba, pete shingoni, na kichwa cha mviringo.

Mkereza hufunga kipande cha mti katika kerezo, mti huzunguka, naye huuchonga kwa patasi. Mchoraji wa kompyuta hufuata njia iyo hiyo, ila yeye huzungusha mstari badala ya mti.

Kwanza huchora mstari wa wima wa milimeta 50. Huo ndio mhimili, na ndio urefu wa kitunda. Kutoka chini yake huchora mstari wa kulala, milimeta 12.5, yaani nusu ya upana wa kitako. Kisha hupanda juu: huupinda mstari ndani uwe kiuno, huutokeza nje kidogo uwe pete, halafu huuviringa uwe kichwa, hata ufike kileleni mwa mhimili. Hapo huiamuru programu kulizungusha umbo hilo digrii 360, na mara kitunda kizima huonekana.

Lakini na aangalie sana. Mistari isiachane hata kidogo, wala isivuke mhimili, ama sivyo kitunda hakitatokea sawasawa. Tena aangalie vipimo. Ubao wake una miraba ya milimeta 50. Akisahau kugawa kwa mbili, akaandika 25 mahali pa 12.5, kitako kitajaza mraba mzima, na vitunda vya jirani vitagusana. Na kwa kuwa vyote 16 hunakiliwa kwa kimoja, kosa moja litakuwa makosa 16.

Mkereza akizidisha kuchonga, hawezi kuurudisha mti uliokwisha katika. Mchoraji husahihisha tarakimu moja tu, kisha hunakili upya. Hata hivyo, akiisha kupeleka mchoro kiwandani, naye amechelewa kama mkereza. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Maswali
1. Kwa nini mchoraji huchora nusu tu ya kitunda?
2. Kitako cha milimeta 30 kingehitaji mstari wa kulala wa urefu gani?
3. Kichwa cha farasi hakiwezi kufanywa kwa njia hii. Eleza sababu.