Mitumba Isiyowaka

Nataka kuwaeleza habari za takataka za umeme, yaani simu, televisheni, kompyuta na majokofu yaliyokwisha kazi. Mwaka 2022 ulimwengu ulitupa kiasi cha tani milioni 62 za vitu hivyo, na zile zilizojulikana kuwa zimekusanywa na kushughulikiwa vizuri hazikufika hata robo.

Katika nchi tajiri kufumua kompyuta mbovu ni kazi ya gharama. Basi mfanyabiashara huona ni rahisi kuipakia melini na kuiandika "mtumba". Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 wakataza kupeleka takataka za sumu katika nchi ya watu bila idhini yao. Lakini kitu kikiisha kuitwa mtumba si takataka tena, na karani wa bandarini hawezi kuwasha kila televisheni aone kama ni nzima. Uchunguzi wa bandari za Lagos, Nigeria, mwaka 2015 na 2016, ulikuta vyombo vikuukuu vya umeme vikiingia kadiri ya tani 60,000 kwa mwaka, na vingi vilishindiliwa ndani ya magari ya mtumba! Vingine havikuwaka kabisa. Mimi mwenyewe nimejifunza kuchapa kwa kompyuta ya mtumba, kwa hiyo siwezi kusema biashara yote izuiwe.

Mahali palipojulikana sana ni Agbogbloshie, mjini Accra, Ghana. Vijana wa umri kama wangu, wengi wakitoka kaskazini ya nchi, walichoma nyaya ili wapate shaba. Ganda la waya mara nyingi ni plastiki yenye klorini. Likiungua hutoa dioksini, sumu iangukayo pamoja na majivu. Kuku hudonoa pale, na mtu hula yai. Mayai ya huko yalipopimwa, habari zake zikatangazwa mwaka 2019, yalikutwa na dioksini nyingi mno.

Wako wasemao kwamba vijana hao ni wajinga. Sikubali. Shaba huuzwa siku ile ile, na kifua hakiumi siku ile ile. Mwaka 2021 serikali ilibomoa mahali pale pa vyuma chakavu, lakini moto ulihamia jirani tu.

Tangu tarehe 1 Januari 2025 mkataba wa Basel wataka idhini ya nchi ipokeayo kwa takataka zote za umeme, zenye sumu na zisizo na sumu. Ubishi wa kipi ni mtumba na kipi ni takataka haujaisha bado.