SOMO LETU: CHOZI, JIRANI WA BARAZANI

Leo tujifunze habari za jirani ambaye hatumwaliki, lakini huja mwenyewe. Jina lake chozi. Ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Hunyonya maji matamu ya maua, kama ya mgomba na mshubiri. Dume huwa na rangi za kung'aa. Jike huwa na rangi ya udongo.

Nyumba yake

Chozi hutundika kiota chake kwenye ncha ya tawi, au hata kwenye waya barazani. Jike ndiye fundi. Hukusanya majani makavu na nyuzi za mimea, akazifunga kwa utando wa buibui. Mlango huwa ubavuni, na mara nyingi juu yake kuna upenu mdogo. Ndani hutandika vitu laini, kama manyoya.

Kazi za familia

Jike hutaga mayai, kwa kawaida mawili, na huyaatamia kwa muda wa wiki mbili hivi. Dume haatamii. Yeye huimba na kufukuza madume wengine. Makinda wakianguliwa, wazazi wote wawili huwalisha. Huwaletea buibui na wadudu wadogo, maana kinda anayekua anahitaji chakula cha kujenga mwili, kama mtoto anavyohitaji maharage. Baada ya wiki mbili hivi, makinda huruka.

Sasa hebu tufikiri. Mtoto akimpiga jike kwa manati wakati wa kuatamia, ameua ndege wangapi? Wengi watajibu: mmoja. Sivyo! Mayai yatapoa, kwa kuwa baba haatamii. Jiwe moja limemaliza watatu.

Wengine husema, "Ah, ndege wote ni waharibifu. Kwani hatuwajui kweleakwelea?" Ni kweli, kweleakwelea humaliza shamba la mtama au uwele. Lakini chozi hali nafaka. Tusimwadhibu huyu kwa kosa la yule.

Jinsi ya kufanya naye urafiki

1. Usiguse kiota, wala usikate tawi lake. Mzuie paka.

2. Kaa hatua kumi hivi kutoka kwenye kiota, mahali pale pale, saa ile ile kila siku. Tulia. Mwanzoni jike atasita. Akiona huna neno, ataendelea na kazi yake.

3. Weka maji kidogo kwenye kigae cha chungu. Yabadilishe kila siku.

4. Chukua daftari. Andika tarehe na saa. Hesabu wazazi wameleta chakula mara ngapi katika dakika 15, kisha zidisha kwa 4. Kwa mfano, wakija mara 3, basi kwa saa moja ni kama mara 12.

Kazi hii ya kuhesabu mpeni yule mtoto mwenye manati. Akiifanya kwa juma moja, mwulizeni kama bado anataka kumpiga chozi.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani hujenga kiota cha chozi?

2. Kwa nini mayai hufa jike akiuawa?

3. Kijijini kwenu, ni ndege gani mnaowaita waharibifu? Je, mmewaangalia mkaona wanakula nini hasa?