Mifumo Endeshi Huria katika Vyombo Vidogo vya Kupimia

Misafara ya karne ya 19 iliyopita Unyamwezi ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji haikutegemea nguvu za wapagazi peke yake. Ilikuwa na wanyapara waliosimamia mizigo, na viongozi walioamua wakati wa kwenda na wakati wa kupumzika. Bila ya hao, wapagazi mia wangekuwa umati tu.

Ndani ya vyombo vingi vya elektroniki vinavyopima na kupeleka habari kwa njia ya intaneti mna mnyapara wa namna hiyo. Huyo ni mfumo endeshi, yaani programu inayogawa kumbukumbu, inayopanga kazi ipi itangulie, na inayokilaza chombo kisipokuwa na kazi.

Tuchukue mfano wa kipimamvua kilichowekwa katika shamba la tumbaku huko Usoke, mbali na nyaya za umeme. Tuseme betri yake ina miliampia-saa 2,000, na kwamba kikiwa macho hutumia miliampia 20, kikilala hutumia 0.02. Kikikesha, betri itakwisha baada ya:

2,000 ÷ 20 = saa 100, yaani siku 4 na kidogo.

Mfumo endeshi ukikiamsha kwa sekunde 1 tu katika kila sekunde 100, wastani wa matumizi utakuwa:

(0.01 × 20) + (0.99 × 0.02) = miliampia 0.22 hivi.

Basi 2,000 ÷ 0.22 = saa 9,090, yaani zaidi ya mwaka mmoja. Betri ni ile ile. Kilichoongezeka ni usingizi.

Mifumo kama Contiki, ulioanzishwa na Adam Dunkels wa Sweden, na RIOT, uliotangazwa mwaka 2013, ni huria: mtu yeyote aweza kuisoma, kuirekebisha na kuitumia bila ya malipo. RIOT huweza kufanya kazi katika kumbukumbu ya kilobaiti chache tu. Katika Afrika Mashariki, mradi wa WIMEA-ICT, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ulitumia Contiki katika vituo vya majaribio vya hali ya hewa.

Uhuria huo una maana gani kwa mkulima? Mvua zetu hunyesha kwa mafungu. Yaweza kunyesha Tabora mjini huku Usoke kukavu. Vipimo vingi vyahitajika, navyo vitaharibika. Chombo ambacho programu yake ni siri humngoja aliyekiuza. Akiacha biashara hiyo, chombo chaweza kubaki pambo. Chombo huria chaweza kutengenezwa na mwanafunzi wetu, mradi amefundishwa. Uhuria bila ya elimu ni mlango ulio wazi usio na wa kuupita.

Zoezi: Kipimamvua hicho kikiamshwa sekunde 1 katika kila sekunde 50, betri itadumu siku ngapi? Je, kwa nini jibu si nusu kamili ya lile la kwanza?