Nani Amekuambia? Taaluma ya Mawasiliano na Amana ya Msikilizaji



Ndugu zangu wanafunzi, tangu nianze kusoma mawasiliano nimeulizwa mara nyingi: hiyo nayo ni elimu? Kuongea si kila mtu anajua? Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kufuata jinsi taaluma hii ilivyokua, kisha tutazame inatudai nini sisi Waislamu.

1. Ilivyoanza

Balagha na hotuba zimefundishwa kwa karne nyingi, lakini mawasiliano kama fani inayojitegemea chuoni bado ni changa. Chanzo chake kimoja kikubwa ni hofu ya propaganda. Mmarekani Harold Lasswell alichapisha utafiti wake juu ya propaganda ya Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1927. Mwaka 1948 akaikusanya kazi ya mtafiti katika maswali matano: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa athari gani. Mwaka mmoja kabla, Wilbur Schramm alikuwa ameanzisha taasisi ya utafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Illinois. Afrika Mashariki ilianza kwa kufundisha uandishi wa habari: Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, na Tanzania ikafungua chuo chake mwaka 1975.

2. Mtu aliye katikati

Mwanzoni wengi waliamini kwamba redio humwingia msikilizaji kama sindano: ukisema, anatii. Paul Lazarsfeld na wenzake walipowafuatilia wapiga kura wa Ohio katika uchaguzi wa 1940, walikuta mambo tofauti. Wachache tu walibadili msimamo kwa sababu ya redio au gazeti. Wengi waliathiriwa zaidi na watu wanaowaamini: jamaa, jirani, mfanyakazi mwenzao. Habari ilitoka kwenye chombo, ikapita kwa mtu, ndipo ikafika kwa wengine.

Jambo hili limeonekana kwa Kiswahili pia. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa kuigiza uitwao Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Eneo la mtambo wa Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili watafiti, akiwemo Everett Rogers, walinganishe. Mchezo ulionekana kuwa na athari, na njia moja kubwa ya athari hiyo ilikuwa mazungumzo: mume na mke, rafiki na rafiki, wakijadili walichosikia.

3. Somo la jirani zetu

Mwaka huohuo wa 1993, nchini Rwanda, redio RTLM ilianza kurusha matangazo. Mwaka 1994 ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hapa Burundi, Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura mwaka 1995, Wahutu na Watutsi wakitengeneza vipindi pamoja. Chombo ni kilekile, redio. Kwa hiyo swali la athari peke yake halitoshi. Neno la uongo nalo lina athari, tena kubwa.

4. Swali ambalo wanachuoni wetu walitangulia kuliuliza

Wanachuoni wa hadithi walitazama isnadi na matini: nani kapokea kwa nani? Je, walikutana? Ni mkweli? Kumbukumbu yake ikoje? Sidai kwamba hiyo ndiyo taaluma ya leo; wao walitafuta usahihi wa mapokezi, si tabia za wasikilizaji. Lakini waliweka mbele swali ambalo maswali matano ya Lasswell hayaligusi: je, ni kweli? Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na Mtume (s.a.w.) alionya juu ya mtu kusimulia kila anachokisikia.

Nachukua mfano wa kwetu Muhuta. Tunaishi kati ya mlima na ziwa Tanganyika, na barabara ya Bujumbura–Rumonge inapita katikati yetu. Mwaka 2015 maporomoko ya udongo yaliua watu Gitaza. Basi mvua kubwa ikinyesha, ujumbe wa simu kwamba mlima umeshuka si mzaha. Ukiwa wa uongo, mama aliyebeba ndagala kwenda sokoni anarudi nazo zikiharibika. Ukirudiwa uongo mara tatu, siku ya ukweli hakuna atakayehama. Redio haiwezi kumfikia kila mtu mwaloni. Anayemfikia ni wewe.

Ndiyo maana nasema hii ni elimu. Inatufundisha kwamba mpitishaji habari ana nguvu. Na dini inatufundisha kwamba nguvu hiyo ni amana.

Maswali ya darasa la wiki

1. Chukua ujumbe mmoja uliousambaza wiki hii. Je, unaweza kutaja isnadi yake hadi kwa aliyeshuhudia?
2. Katika mtaa au kilima chenu, watu humwamini nani kwa habari za hatari? Kwa nini?
3. Ukinyamaza juu ya habari ya kweli inayookoa watu, je, umeitimiza amana?

Wabillahi tawfiq.