Neva na Neuropeptidi katika Njia za Hewa za Binadamu

Utangulizi

Neno "mshipa" hubeba maana nyingi katika Kiswahili. Hutajwa kwa njia ya damu, kwa neva, na hata kwa ugonjwa wa ngiri. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha huondoa utata huo. Katika maelezo ya pumu, hata hivyo, utata huo hupotosha, kwa sababu neva ndizo hutoa kemikali, na mishipa ya damu ndiyo huvuja. Makala haya yanatenganisha istilahi hizo mbili na kueleza jinsi neva zinavyotawala njia za hewa.

Makundi ya neva

Neva kuu ya njia za hewa ni vagasi, ambayo ni ya kumi kati ya jozi 12 zinazotoka ubongoni. Nyuzi zake hutoa asetilikolini, kemikali inayokaza misuli laini na kuzidisha ute. Mnamo 1921, Otto Loewi alitumia moyo wa chura kuonyesha kwamba vagasi hufikisha ujumbe wake kwa njia ya kemikali. Dawa ya ipratropiamu hupanua njia za hewa kwa kuizuia asetilikolini.

Ingetarajiwa kwamba neva za simpathetiki zilegeze misuli hiyo. Kwa binadamu, neva hizo ni haba mno katika misuli ya njia za hewa. Kazi hiyo hufanywa na adrenalini inayosafiri katika damu, na salbutamoli huamsha vipokezi vivyo hivyo.

Kundi la tatu halitegemei asetilikolini wala noradrenalini. Baadhi ya neva zake hulegeza misuli kwa kutoa oksidi ya nitriki, pamoja na VIP, neuropeptidi yenye asidi amino 28.

Neuropeptidi

Neuropeptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino unaotolewa na neva. Dutu P, yenye asidi amino 11, iligunduliwa mwaka wa 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum. Pamoja na neurokinini A na CGRP, hupatikana katika nyuzi za hisi ziitwazo nyuzi C.

Nyuzi hizi ndizo zinazomkohoza apitaye karibu na pilipili inayokaangwa: kapsaisini ya pilipili huzichokoza. Zikichokozwa, huupasha ubongo habari, na papo hapo zinaweza kumwaga neuropeptidi pale pale zilipo. Neurokinini A hukaza misuli, dutu P huifanya mishipa ya damu ivujishe majimaji na tezi zitoe ute, na CGRP huipanua mishipa hiyo.

Nadharia na ushahidi

Mnamo 1986, Peter Barnes alipendekeza kwamba katika pumu utando wa ndani wa njia za hewa huharibika, nyuzi C zikabaki wazi, na neuropeptidi zikauchochea uvimbe. Nadharia hiyo iliungwa mkono na majaribio ya simbilisi, ambao nyuzi zao zina dutu P kwa wingi. Kwa binadamu, nyuzi za aina hiyo ni chache, na dawa za kuzuia dutu P na neurokinini A hazijapata nafasi katika tiba ya kawaida ya pumu. Utafiti huo haukupotea bure: mnamo 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kingamwili inayozuia kazi ya CGRP, kwa ajili ya kipandauso.

Hitimisho

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kinachothibitishwa kwa simbilisi hakina budi kupimwa upya kwa binadamu. Pili, mgonjwa wa pumu anastahili kuelezwa kwa lugha aielewayo kwamba salbutamoli hulegeza misuli tu, haiondoi uvimbe. Uvimbe huhitaji dawa ya kuvuta ya kotikosteroidi itumiwayo kama daktari alivyoagiza. Maelezo hayo yanawezekana kwa Kiswahili, mradi neva iitwe neva na mshipa uitwe mshipa.