Kitabu kilichokataa kusema

Katika masimulizi ya Waafrika waliouzwa utumwani kimo kisa kinachojirudia: Mwafrika anakiona kitabu kwa mara ya kwanza mkononi mwa Mzungu. Ukawsaw Gronniosaw, ambaye masimulizi yake yalichapwa Uingereza mwaka 1772, anaeleza kuwa ndani ya meli alimwona bwana wake, nahodha wa Kidachi, akiwasomea mabaharia dua. Akaona midomo inacheza huku macho yako kitabuni, akadhani kitabu kile kinazungumza na bwana wake. Alipopata faragha akakifungua na kukitegea sikio. Kimya. Akaona hata kitabu kinamdharau kwa sababu ya weusi wake. Olaudah Equiano naye alisimulia jambo kama hilo mwaka 1789.

Kijana anayesoma visa hivi chuoni ni rahisi atoke na dhana kuwa kitabu kilikuja Afrika kwa merikebu za Wazungu. Ajabu ni kwamba Gronniosaw mwenyewe anasema alizaliwa Bornu, dola ambayo watawala wake walisilimu tangu karne ya 11! Qur'ani ilisomeshwa huko karne nyingi kabla ya nahodha yule kuzaliwa.

Sasa mtazame Omar ibn Said. Huyu alikuwa mwanachuoni wa Futa Toro, katika Senegal ya leo, aliyetafuta elimu kwa miaka 25. Alitekwa mwaka 1807 akauzwa Charleston, Marekani. Mwaka 1831 aliandika maisha yake kwa Kiarabu, kwa mkono wake mwenyewe, na hati hiyo leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Alianza na nini? Hakuanza na jina lake wala kijiji chake, bali na Surat al-Mulk, sura inayofungua kwa kutaja kuwa ufalme wote umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Mtu anayehesabiwa kuwa mali ya mtu mwingine, anatakiwa aeleze maisha yake, na neno lake la mwanzo ni hilo. Bila shaka alijua anachokiandika.

Sura hiyo ndiyo Tabaraka wanayohifadhi watoto wetu madrasa. Mimi ni mwalimu, nawasikiliza kila siku. Mtoto anazimaliza aya zote 30 bila kukosea hata irabu moja, lakini ukimuuliza "mulk" maana yake nini, anakutazama tu. Thawabu za kusoma zipo, katika hilo sina ubishi na masheikh. Lakini Gronniosaw walau alitega sikio kwa kutaka kuambiwa kitu. Huyu wetu nani amemwambia kuwa kitabu kinasema?

Baadhi ya wazazi wananilalamikia kuwa darasa langu linachelewa kuhitimu juzuu, kwani kila aya tunaipitia pamoja na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambayo tunayo kwa Kiswahili tangu mwaka 1969. Ni kweli tunachelewa. Tabaraka peke yake ilituchukua wiki saba, na aya iliyotuweka zaidi ni ile ya ndege wanaokunjua na kukunja mbawa zao angani, maana watoto walitaka kwanza watoke nje wakawatazame.